Kijiko cha Kwanza cha Valarie

Akeyo hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, na siku alipogundua kwamba kuna mashindano yanaendelea na yeye hakuambiwa, alifura kama mandazi ndani ya mafuta ya moto.

Mashindano yenyewe yalianza hivi. Mwanawe wa pekee, Travis, alimwoa Shruti, binti ya Mukesh mwenye duka la hadiwea pale mjini Nakuru. Maneno yaliyosemwa wakati huo, tuyaache tu. Wahindi walisema yao, Wajaluo wakasema yao, kanisani walisema, hekaluni walisema, na vijana wakaoana watu wakiwa bado wanasema. Mwisho akazaliwa mtoto wa kike. Ritu, mamake Shruti, alitaka jina la Kihindi. Akeyo akataka la Kijaluo. Wazazi wakamwita mtoto Valarie ili asipatikane mshindi, na nyanya wote wawili wakanuna. Lilikuwa jambo la kwanza wao kufanya kwa umoja.

Sasa, Valarie alikuwa na siku chache tu duniani, na Mukesh alikuwa ameketi sebuleni kwa Travis huko mtaa wa Section 58 akitafuna njugu, alipotoboa siri bila kujua kwamba ni siri.

"Kwetu Wagujarati," alisema, "yule anayemwonjesha mtoto kitu kitamu cha kwanza, huyo ndiye mtoto atamfuata kwa tabia. Tunaita galthuthi. Mimi nilionjeshwa na mjomba wangu. Yeye hakuweza kuamka mapema, na mimi mpaka leo siwezi."

Akeyo akaweka kikombe chini. "Na Valarie ataonjeshwa na nani?"

"Na Ritu, na nani mwingine? Jumapili, siku ya sita. Asali safi nimeshaleta mwenyewe."

"Lakini Shruti si amekataza asali?"

Mukesh akatupa jicho mlango wa chumba cha kulala, akashusha sauti. "Tone moja tu, Mama Travis. Tone nalo ni kitu?"

Akeyo alitabasamu kwa meno, lakini moyoni alikuwa anatokota. Ritu? Tuseme ukweli, Ritu alikuwa mwanamke mwema, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Lakini akiona panya, anapanda juu ya kochi. Akipigiwa honi barabarani, anaomba msamaha yeye. Mjukuu wa Akeyo achukue tabia hiyo? Na huku nyanya yake mwingine yuko hai na miguu yake miwili, mwanamke aliyefanya kazi kiwanda cha pareto mpaka akastaafu, anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, aliyewahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko kutoka landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mpaka karibu na stendi? Yawa! Haiwezekani.

Kuhusu katazo la Shruti, lilikuwepo, na lilikuwa wazi. Shruti ni mfamasia, na siku aliyotoka hospitali alisimama mlangoni na mtoto mkononi kabla hata ya kuvua viatu. "Hakuna asali mpaka apitishe mwaka mmoja," alisema. "Hakuna miti shamba. Hata maji hakuna. Maziwa yangu tu, miezi sita." Mukesh alisema sawa, Ritu alisema sawa, Akeyo akasema sawa. Lakini mnaijua hiyo sawa. Ni ile sawa ya Kenya, mtu anaisema huku ameshaamua lake.

Akeyo alirudi nyumbani kwake akiwaza manyasi. Manyasi ni dawa ya majani na mizizi ambayo Wajaluo huchemshia mtoto mchanga, ili tumbo litulie na jicho la mtu mbaya lisimpate. Travis alipozaliwa, mama mkwe wake Akeyo alikuja kutoka kijijini Ugenya na furushi, akafunga mlango wa jikoni, akachemsha. Na si mnamwona Travis? Lijamaa linainama likiingia mlangoni.

Shida ilikuwa moja, na Akeyo hakuwahi kumwambia mtu. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Hakuona kilichoingia kwenye sufuria. Yeye alizaliwa landi, baba yake akiwa mtu wa reli, na Ugenya alikuwa akienda Disemba, anakula kuku, anarudi Nakuru. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya harufu tu. Kwa hivyo alijitungia manyasi yake mwenyewe. Alitia mzizi aliouziwa sokoni, majani ya mpera, na juu ya yote akajaza komfri.

Komfri ni yale majani mapana yenye vinyweleo ambayo jirani yake, Wangui, alikuwa nayo kando ya ua. Wangui aliyaita mabaki kwa lugha ya kwao, na alikuwa akiyanywa asubuhi kwa ajili ya presha, mchana kwa ajili ya magoti, na jioni kwa sababu maji yalikuwa yamebaki kwenye sufuria. Alimpa Akeyo miche, na Akeyo naye tangu mvua ndefu ya mwaka uliopita hakuwa analala bila kikombe. Mbona hayakuwa machungu! Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

Jumapili ikafika. Travis alikuwa nje anapanga viti na kufunga turubai, maana wageni wangekuja alasiri. Mukesh alikuwa ametumwa kuleta peremende na ladu, zile tamutamu za mviringo za Kihindi. Shruti alikuwa bafuni anaoga kwa utulivu, jambo ambalo kila mama wa mtoto mchanga anajua ni anasa. Valarie alikuwa amelala kwenye kikapu chake sebuleni, ngumi zimekunjwa kama mtu anayengoja kesi yake isikilizwe.

Akeyo akanyata kuingia jikoni na thamosi chini ya leso, na hapo hapo akamkuta Ritu ameinama nyuma ya gunia la mchele, anatoa chupa.

Waliangaliana.

"Mama Travis, hiyo thamosi ni ya nini?"

"Na hiyo chupa, Mama Shruti, imekuwa ikiota nyuma ya mchele?"

"Hii ni ya ibada."

"Basi na hii ni ya ibada. Ya kwetu."

"Nitamwambia Shruti!"

"Mwambie. Na mimi nitamwambia. Tufukuzwe sote wawili, tukakae huko nje tukimshikia Travis kamba."

Ritu alikuwa mzaliwa wa Nakuru, amekulia nyuma ya duka la nguo la baba yake, na alijua mtu akimshika mahali pabaya. Akaweka chupa mezani polepole. Asali ilikuwa nzuri, jamani, lazima isemwe. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, safi, na jua la dirishani lilipoipiga ikang'arisha jiko zima.

"Umeionja?" Akeyo akauliza.

"Haiwezi kuonjwa! Kitu cha mtoto kikishapita kwenye mdomo wa mtu mwingine, kimekuwa najisi. Hata Mukesh nimemkataza asitie kidole."

"Hee! Kwetu ni kinyume kabisa. Ukimpa mtu kitu bila wewe kukionja mbele yake, atakuuliza umemtilia nini."

"Na wewe yako umeonja?"

"Mimi nainywa kila jioni, na niangalie nilivyo."

"Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," Ritu akasema. Akeyo alishangaa kidogo, maana hakutegemea kupigwa methali na Ritu. "Kila mtu atasema yake ni tamu."

Hapo ndipo Akeyo alipopata wazo ambalo kwa wakati ule aliliona la hekima kubwa. "Basi hivi. Mimi nionje yako, na wewe uonje yangu. Ile itakayomsumbua mtu imetoka. Mwenye kushinda anamwonjesha mtoto, mwenye kushindwa anashika mlango Shruti asiingie."

Ritu akafikiria ibada yake, akafikiria Shruti bafuni, akasikia maji bado yanamwagika. Akachukua kijiko kingine, si kile cha fedha kilichonunuliwa kwa ajili ya mtoto, ili chupa isiguswe na mdomo wa mtu. "Sawa. Lakini unywe kidogo tu."

Kidogo? Akeyo wa kwaya? Alijaza kijiko mpaka kikafurika, akakibugia chote, akalamba na mgongo wake.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kiasi kwamba moyo ulimshuka, akasema, haya, leo nimepatikana. Akafungua mdomo akubali kushindwa kiungwana. Halafu nyuma ya ulimi kukaanza kuwaka. Si kuwaka kwa pilipili, ambako kuna utamu wake. Huu ulikuwa moto mkavu, unapanda kaakaa na kushuka kooni, na kila alipomeza uliongezeka. Macho yakamtoka.

"Maji!" akasema.

Ritu akamjazia bilauri. Akeyo akanywa yote kwa pumzi moja, na wacha nikwambie, hapo ndipo moto ulipopata kuni. Alirukaruka kati ya jiko na meza, akapiga kabati kwa kiganja, akamwita Mungu, Nyasaye, kwa majina yake yote, na mwisho akavamia friji, akararua pakiti ya maziwa lala kwa meno, akaanza kunywa huku mengine yakimwagika shingoni. Maziwa yakatuliza kidogo. Akakaa juu ya gunia la mchele ulimi uliovimba ukiwa nje, anapumua kama ng'ombe aliyevuka mto.

Ritu alikuwa tayari analia. Alimpepea kwa sinia tupu iliyokuwa ikingoja ladu, akimwomba msamaha kwa Kigujarati, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. "Nimekuua, Mama Travis! Mimi nimekuua! Na ningempa mtoto! Kwa mkono wangu, ningempa mtoto!"

"Thamothi," Akeyo akasema, akionyesha kwa kidole.

"Nini?"

"Thamothi! Thamu yako!"

Kumbe hata akiungua hajasahau mashindano. Na Ritu, kwa haki yake, hakukwepa. Akajimiminia kikombe cha yale manyasi, akafumba macho, akanywa mpaka chini. Akangoja. Wakangoja wote wawili, wakisikiliza tumbo la Ritu. Hakuna kitu.

"Ni... nzuri," Ritu akasema kwa mshangao, akijifuta machozi. "Kama mchicha uliokosa chumvi."

"Nimethinda!" Akeyo akaruka kutoka kwenye gunia.

Alikuwa ameshinda kwelikweli, kwa masharti waliyokubaliana. Ritu hakubisha. Alienda akasimama kwenye korido, mlango wa kwenda bafuni, mgongo wima, pua imelowa, akalinda kama alivyoahidi. Akeyo akachukua kile kijiko cha fedha, akatia manyasi, akapuliza, akapiga magoti kando ya kikapu. Furaha ilimjaa mpaka akasahau ulimi. Valarie alikuwa ameamka. Alinusa kitu kinakuja, akageuza uso, akafungua kinywa kidogo cha waridi akitafuta. Mtoto huyu angekuwa na sauti ya kwanza ya kwaya. Angefukuza wezi.

Nyuma yake akasikia Ritu akisema kwa sauti nyembamba, "Shruti, mama, rudi uoge tena. Hukutakata vizuri."

"Mummy, toka."

"Siwezi. Nimeahidi."

Shruti alipita chini ya mkono wa mama yake, taulo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Aliona kikapu, akaona kijiko. Hakupiga kelele. Akeyo angejua la kufanya na kelele, maana na yeye ana zake.

"Mama," Shruti akasema taratibu, "ni nini hiyo?"

"Manyathi tu. Ya tumbo. Mamako amekunywa, na hana neno. Athali yake ndiyo thumu, thi hii."

"Umetia nini ndani?"

Akeyo akataja. Mzizi, majani ya mpera, komfri.

Shruti akakaa kwenye mkono wa kochi. "Komfri. Na wewe umekuwa ukiinywa? Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Kila thiku."

"Ooh, Mama." Uso wa Shruti ukabadilika, na Akeyo akaona kitu ambacho hakukitegemea. Msichana alikuwa ameogopa, na alikuwa amemwogopea yeye. "Asali ni afadhali, imekupigia kelele. Komfri haipigi kelele. Inaenda kwa ini, inakaa pale, kesho unaiongezea nyingine. Unasikia uko sawa tu, mpaka siku ini limechoka. Na wewe ni mtu mzima. Ini la Valarie halijamaliza hata wiki."

"Lakini ni majani!" Akeyo akasema. Hofu ilimshika, akakimbilia hasira. "Ni majani, Shruti! Thi kemikali!"

Na hapo hapo Akeyo akayasikia maneno yake yakirudi, akajiuliza ni nani huyu anayesema upuuzi namna hii.

Kwa maana yeye alikula mshahara wa ua maisha yake yote. Pareto ni ua jeupe, lina moyo wa manjano, ukiliona shambani kule Molo unaweza kulichuma ulipeleke kanisani. Magunia yake yalikuwa yakiingia kiwandani yamekauka, na vumbi lake likimwangukia mbu, mbu anakufa. Hapakuwa na uchawi hapo. Mungu alitia sumu ndani ya ua kwa sababu zake, na Akeyo aliifunga kwenye pakiti, akasomesha mtoto. Wageni walipokuja kutembea kiwandani, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia kwa kiburi, ninyi msidharau maua.

Akamtazama Ritu. Ritu alikuwa bado kwenye korido, mikono imefumbata leso, anamtazama mtoto. Kama kuna mtu duniani aliyempenda Valarie kama Akeyo alivyompenda, ni yule mwanamke pale. Na kile alichokiandaa kwa mapenzi yake yote, kikalindwa kisiguswe hata na kidole, kilikuwa bado kinamchoma Akeyo kooni. Basi mapenzi hayachuji sumu. Ya Ritu hayakuchuja, na yake yeye yangechujaje?

Valarie akatoa ulimi. Uligusa hewa karibu kabisa na kijiko.

Akeyo akakiondoa. Manyasi yakamwagikia leso yake. Akasimama, magoti yakalia, akaenda jikoni, akamimina thamosi yote kwenye sinki, akafungulia mfereji mpaka rangi ya kijani ikaisha. Kisha akarudi, akaketi kwenye kochi, akaanza kulia. Akeyo! Ritu akaja akaketi kando yake, akalia pia, maana Ritu hahitaji kualikwa.

Mukesh aliwakuta hivyo, akiwa na masanduku mawili ya peremende na ladu, Travis nyuma yake. "Kuna nini? Mtoto?"

"Mtoto ako poa," Travis akasema baada ya kuchungulia kikapu. "Ni hawa mamathe ndio siwaelewi."

Ritu akamwonyesha mumewe chupa. "Hii asali uliitoa wapi?"

Mukesh akaitazama ile chupa, akatazama ulimi wa Akeyo, na rangi ikamtoka. Ilibidi aseme. Alikuwa ameifuata kwa Kipketer, mteja wake wa mbao na misumari, anayefuga nyuki upande wa Elmenteita. Kipketer hakuwepo, akamkuta mkewe, Jepkemboi, ambaye alimwonyesha ndoo za asali akamwambia achague. Kulikuwa na ndoo nyingine pembeni, imefunikwa. Hiyo, Jepkemboi alisema, si ya watu. Ni ya maua ya kures, ile miti ya utomvu mweupe yenye matawi yaliyosimama juu kule miambani. Hiyo tunawarudishia nyuki wenyewe wakati wa njaa.

"Na ukafanya nini?" Shruti akauliza, ingawa alishaona.

"Mimi nimekaa dukani tangu nikiwa mtoto," Mukesh akasema kwa sauti ndogo. "Mtu akikuficha ndoo moja, akasema hii si ya kuuza, hiyo ndiyo nzuri. Kila mtu anajua. Nikafikiri wamejiwekea. Nikambembeleza. Alikataa, nikambembeleza tena, mpaka akachoka akasema shauri yako, mzee, lakini usiile. Nikasema, ah, huyu anajua biashara!"

Akeyo, macho bado yamelowa, akasema, "Baba Shruti. Yaani uliwaibia nyuki chakula chao?"

Travis ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Shruti, ameshika mshono wake wa upasuaji wa kujifungua kwa mkono kwa sababu kucheka kulimuuma. Kisha Ritu. Mukesh akajaribu kukasirika, akashindwa, na ladu zikafunguliwa kabla ya wageni kufika. Akeyo hakuweza kula hata moja, na hilo lilimuuma kuliko ulimi.

"Na galthuthi?" Mukesh akauliza baadaye. "Siku ya sita ndiyo hii."

"Alishaonjeshwa," Shruti akasema, akimpa mtoto ziwa. "Saa ile ile aliyozaliwa. Na mimi."

Nyanya wawili wakaangaliana. "Uwi," Ritu akasema. "Basi atakuwa mkaidi." Akeyo akatingisha kichwa kwa huzuni ya kweli.

Wiki iliyofuata Shruti alimpeleka Akeyo kupimwa ini, akamshika mkono kwenye foleni kama binti yake wa kumzaa. Majibu yakarudi mazuri. Akeyo aliimba kwenye lifti mpaka chini. Wangui alikuwa mgumu zaidi. "Nimeyanywa miaka na sijafa," alisema. "Hata mimi nilisema hivyo," Akeyo akamjibu, akamwandama kila asubuhi mpaka Wangui, kwa kuchoka, akaenda kupimwa na yeye, na akayageuza mabaki kuwa mbolea ya sukuma wiki. Sukuma ilinawiri ajabu.

Na wale nyanya? Ee, ungewaona. Waligeuka askari. Mgeni akija kumwona mtoto na kijichupa mfukoni, anawakuta wawili mlangoni, mmoja wa sari na mmoja wa leso. Sunny, rafiki yake Travis, aliwahi kuleta dawa ya gesi ya mtoto aliyopewa na shangazi yake, akiwa na nia njema kabisa.

"Umeionja?" Ritu akamuuliza.

"Mimi? Auntie, ni ya mtoto."

"Onja," Akeyo akasema, akivuta kiti. "Tunangoja."

Sunny akairudisha mfukoni.

Miezi sita ikatimia. Shruti alichemsha kipande cha malenge, akakiponda laini, akamkalisha Valarie kwenye kiti chake kirefu, jino moja limeanza kuchungulia. Nyumba ilijaa. Kisha akachukua kile kijiko cha fedha, akakishika mbele ya watu wote, akampa Akeyo.

"Mama, wewe," alisema. "Ulikuwa umeshinda, na ukamwaga. Sijasahau."

Akeyo alikipokea kwa mikono miwili. Alichota malenge, akainua kijiko, akakipeleka kwa mtoto. Katikati akasimama. Akageukia upande wa Ritu.

"Onja kwanza, Mama Shruti."

"Mimi? Wewe ndiye umepewa."

"Onja. Nakuamini wewe."

"Hapana, onja wewe. Ulimi wako ndio umefunzwa."

"Lakini kwenu kikionjwa ni najisi."

"Na iwe najisi! Onja, Mama Travis!"

"Nimesema onja wewe!"

Walikuwa hapo, kijiko kinaenda huku na kinarudi huku, kila mmoja akimsukumia mwenzake, sauti zinapanda, Travis ameshika kichwa, Mukesh anacheka hadi njugu zinamtoka. Na Valarie alikuwa akikifuata kile kijiko kwa macho. Kilipopita mbele yake mara nyingine, alinyoosha mkono, akakidaka kwa ngumi, akakitia mdomoni mwake.

Valarie akatafuna malenge kwa ufizi, akafikiri, akapiga kijiko juu ya kiti akitaka tena.

Mukesh akasafisha koo. "Basi kwa kawaida yetu," alisema polepole, "aliyemwonjesha ni... yeye mwenyewe. Atafuata tabia yake mwenyewe."

"Mungu atusaidie," Ritu akasema.

"Amina," akasema Akeyo, na akachota kijiko kingine, akakionja, akampa.